Kubana si kusukuma: mazoezi ya kuzuia mkojo unaoponyoka

Kwa miaka 14 nilikuwa nawaruhusu akina mama kutoka wodi ya wazazi kwa maneno yale yale: mnyonyeshe mtoto kila anapotaka, kitovu kiache kikavu, usikose kurudi kliniki, na ufanye mazoezi ya kubana kama mtu anayezuia mkojo. Hilo la mwisho nilikuwa nalisema huku nimeshika kitasa cha mlango.

Mimi ni mkunga, hapa Tanga, na nina watoto watatu. Wa kwanza alizaliwa na kilo 4.1, nikaongezewa njia. Baada ya wa tatu ndipo mkojo ulipoanza kuniponyoka. Mwanzo tone moja nikipiga chafya, kisha nikicheka, kisha nikiruka tu kushuka kwenye daladala. Usiku mmoja zamuni tulikuwa wawili, tukamnyanyua mama mmoja kutoka kitanda cha kuzalia kumweka kwenye machela, nikasikia joto likishuka mguuni mpaka kwenye soksi. Gauni letu la kazi ni jeupe. Nilivua sweta nikalifunga kiunoni, nikamaliza zamu vile vile nimesimama, maana sikuthubutu kukalia kiti ambacho mwenzangu angekikalia asubuhi.

Nilikaa na jambo hilo miaka miwili, mimi niliyesomea mambo haya, ndipo nikamwendea mtaalamu wa fiziotherapia. Alivaa glovu, akaingiza kidole kimoja, akaniambia nibane. Nikabana kwa nguvu zangu zote. Akatulia kidogo, kisha akasema, "Dada, unasukuma. Hubani."

Kumbe nilichokuwa nikikifanya miezi yote ile, nikidhani najitibu, kilikuwa kinazidisha tatizo. Na wale mamia niliowaambia "bana" mlangoni, ni wangapi nao walikwenda kusukuma? Ndiyo maana hapa nitachukua muda mrefu kwenye jinsi ya kuupata msuli wenyewe, kuliko kwenye hesabu za kubana.

Kwanza ujue mkojo wako ni wa namna gani

Mkojo wa kikohozi ni ule unaotoka ukikohoa, ukipiga chafya, ukicheka, ukiinua ndoo au ukiruka. Kibofu hakina ugonjwa, ila kinachokishika kwa chini kimelegea. Usidhani ni wa waliozaa tu. Mabinti wa mpira wa pete wasiojua leba huupata pia, kwa ajili ya ule mruko.

Mkojo wa haraka ni ule unaokupiga ghafla, huwezi kungoja, unakimbia na bado unakuwahi. Wengine wana yote mawili.

Wa tatu ni huu: mkojo unatiririka usiku na mchana, umelala umesimama, bila kikohozi wala haraka, hasa baada ya leba ya muda mrefu au upasuaji. Hiyo huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Usipoteze hata wiki moja kwenye mazoezi. Fistula inatibiwa kwa upasuaji, na hospitali ya CCBRT pale Msasani, Dar es Salaam, inaitibu bila malipo. Nimeona wanawake waliofichwa uani miaka kwa tatizo ambalo lingemalizwa na upasuaji.

Nenda kituo cha afya kwanza pia kama mkojo una damu, unachoma au una homa. Kama unashindwa kukojoa kabisa. Kama kuna nyama inayojitokeza ukeni, ile tunayoiita kizazi kushuka. Kama miguu imepoteza nguvu au sehemu za siri zimekufa ganzi, na hilo la ganzi ni la kwenda siku hiyo hiyo. Na kama unakunywa maji mengi sana, unakojoa mno na unakonda, pimwa sukari.

Msuli wenyewe uko wapi

Waliokua huku pwani au vijijini wanakijua kitanda cha kamba, kile kiitwacho teremka tukaze. Kamba zimefumwa kutoka mbao ya huku hadi ya kule, na mtu akilala miezi mingi zinalegea, katikati panabonyea, mnashuka mnakaza upya. Chini ya nyonga yako pamefumwa hivyo hivyo. Misuli imetoka kwenye mfupa wa kinena kwa mbele mpaka kwenye kifandugu kwa nyuma, na juu yake vimelala kibofu, kizazi na utumbo wa haja kubwa. Njia ya mkojo, uke na njia ya haja kubwa zinapita katikati ya ufumaji huo. Ukikohoa, tumbo linasukuma kila kitu chini. Kamba zikiwa zimekazwa, njia ya mkojo inabanwa na hapapiti tone. Zikiwa zimelegea kwa mimba, kuzaa, kukohoa miaka, choo kigumu, uzito au umri wa kukoma hedhi, panapita.

Tofauti na kitanda ni kwamba hapa hapana wa kukukazia. Kufunga tumbo kwa kanga ndani ya arobaini hakufiki huko, wala kukandwa maji ya moto. Na shabu, tafadhali sana, isiingie ukeni. Shabu inakausha na kuchubua ngozi ya ndani, ukahisi pamebana siku moja mbili, na msuli uko pale pale ulivyokuwa, sasa una na vidonda juu yake.

Kuupata

Jifungie chumbani. Kojoa kwanza. Lala chali, magoti juu, nyayo kitandani, mto chini ya kichwa. Kama una mimba kubwa, lala ubavu.

Fikiri unazuia upepo usikutoke mbele za wakwe. Bana pale nyuma. Sasa, bila kuachia, lete ule mbano mbele kama unayezuia mkojo, kisha vuta vyote kwenda juu, ndani ya mwili. Neno la kushika hapo ni "juu". Mbano sahihi unapanda. Ukihisi kitu kinashuka au kinafura kwa nje, ndipo unaposukuma kama nilivyokuwa nikisukuma mimi.

Usiamini hisia peke yake. Chukua kioo kidogo, kishike chini, utazame. Ukibana sawasawa, msamba, yaani ile nafasi kati ya uke na njia ya haja kubwa, unaingia ndani na kunyanyuka, na kinembe kinainama kidogo kama mtu anayeitikia. Ukisukuma, msamba unatuna kuja kwenye kioo.

Kisha kidole. Nawa kwa sabuni, kata kucha, ingiza kidole kimoja ukeni mpaka kwenye pingili ya pili. Bana. Kidole kinapaswa kukumbatiwa pande zote na kuvutwa ndani, kama mtoto anavyovuta chuchu. Kikisukumwa nje, achia, vuta pumzi, anza upya taratibu na kwa nguvu pungufu kuliko ulizotumia mwanzo, si nguvu zote. Kama huhisi kitu chochote, usikate tamaa. Mwanzoni mwa wiki ya kwanza mimi nilihisi kama unyoya tu umenigusa. Najua wapo wanaoona haya kujigusa, na wengine wamelelewa wakiambiwa ni vibaya. Huku ni kujipima, sawa na unavyojipima matiti.

Wakati unabana, mkono wa pili uwe tumboni chini ya kitovu. Tumbo lisikakamae. Makalio yasijikunje, mapaja yasigusane, uso usikaze, na pumzi isikatike. Njia ninayowafundisha akina mama ni kuhesabu kwa sauti. Anayehesabu kwa sauti hawezi kuzuia pumzi.

Wengi wameambiwa wajifunze kwa kukata mkojo katikati. Hilo halifai kuwa zoezi. Kibofu kinazoea kutomaliza mkojo, na mkojo unaobaki huzaa maambukizi. Choo ni mahali pa kuachia, si pa kubana.

Na kama kubana kunauma, au tendo la ndoa linauma, au huwezi kuachia baada ya kubana, acha. Huenda msuli wako umekakamaa badala ya kulegea, na kuukaza zaidi ni kuuonea. Huyo ni wa kupelekwa kwa mtaalamu ajifunze kuulegeza kwanza.

Hesabu ya kila siku

Wiki mbili za mwanzo fanya ukiwa umelala. Bana na kuvuta juu, hesabu polepole moja mpaka tatu, achia kabisa, pumzika ukihesabu mpaka sita. Rudia mara nane. Kuachia nako ni sehemu ya zoezi, sikiliza msuli ukishuka mpaka mwisho kabla ya kubana tena. Kisha malizia na mibano kumi ya harakaharaka: bana achia, bana achia. Hiyo ya haraka ndiyo inayokuja kukuokoa kwenye chafya.

Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Kila wiki ongeza sekunde moja au mbili za kushikilia, mpaka ufike kumi, mapumziko yakilingana na mbano. Wiki ya tatu hamia kwenye kiti, ya tano usimame. Ukisimama utaona umerudi nyuma kidogo kwa nguvu, ni kawaida, kwa sababu sasa uzito wote uko juu ya msuli. Mbano mmoja uliotulia una faida kuliko ishirini ya kulipua. Ukisikia mbano wa sita umeponyoka katikati, hapo ndipo mwisho wako wa siku hiyo, usiulazimishe kwa makalio.

Kinachowashinda wengi si ugumu, ni kusahau. Fungamanisha na jambo usilolisahau. Mimi nilitumia mswala: baada ya alfajiri, baada ya adhuhuri na baada ya isha, kabla sijainuka, nakaa nafanya yangu. Jirani yangu Mkristo huyafanya akisubiri chai ichemke, kwenye bajaji akienda sokoni, na kitandani usiku. Hapana anayekuona.

Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unasema hivyo hivyo: angalau mibano minane, mara tatu kwa siku, kwa muda usiopungua miezi mitatu, na mtu wa kukusimamia. Miezi mitatu, dada zangu. Wiki ya nne ndiyo wiki ya kuacha, nimeiona kwa wengi, kwa sababu bado hujaona kitu. Mimi niliona mabadiliko wiki ya saba: nilikohoa nikiwa nimembeba mtoto wa watu, nikangoja joto mguuni, halikuja.

Na si mimi tu. Mwaka 2018 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, walikusanya majaribio 31 yenye wanawake 1,817 kutoka nchi 14. Kwa wenye mkojo wa kikohozi, waliofanya mazoezi na kusema wamepona walikuwa 56 katika kila 100. Wasiofanya, 6. Daktari aliyeyaeneza mazoezi haya, Arnold Kegel wa Los Angeles, aliandika habari zake mwaka 1948, na hakuwa akiwaambia wanawake wakabane tu. Alipima kwa kidole, akatengeneza na kifaa cha kuingizwa ukeni chenye mshale unaoonyesha nguvu ya mbano, mwanamke aone kwa macho yake anafanya nini. Jina lake limefika kila mahali, lakini kule kupima kumeachwa njiani.

Bana kabla, si baada

Ukishaumudu msuli, hata kabla haujapata nguvu, jifunze kuutumia kwa wakati. Unahisi chafya inakuja: bana, vuta juu, shikilia, piga chafya, achia. Kikohozi hivyo hivyo. Mwanzo utachelewa, utabana tone likishatoka. Jizoeze kwa kukohoa makusudi umesimama bafuni: bana, kohoa, achia, mara tano.

Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 na uzito wa ndoo yenyewe. Isogelee, piga magoti au chuchumaa, bana, kisha inua huku ukitoa pumzi, usiizuie kifuani. Kama kuna mtu wa kukutwisha, akutwishe. Katika miezi hii mitatu ni bora kwenda bombani mara mbili na nusu ndoo kuliko mara moja na ndoo nzima. Najua si kila nyumba inaruhusu hivyo, ila kama una kijana wa kiume ndani anayetazama tamthilia, ndoo na awe nayo yeye.

Mkojo wa haraka una adabu yake

Huu haukazwi tu, unafundishwa kungoja. Kibofu cha mtu mzima kinaweza kushika mililita 300 mpaka 500, lakini ukikizoesha kwenda kila unapotoka nyumbani, "nisije nikabanwa njiani", kinajifunza kupiga kelele kikiwa na kikombe kimoja.

Kwa siku tatu andika kwenye daftari saa uliyokojoa na kiasi, ukipima kwa jagi la plastiki lenye alama ambalo halitarudi jikoni tena. Mama mmoja muuza maandazi alikuja na daftari lake: mara 14 kwa siku, nyingi zikiwa mililita 100. Alikuwa hawezi kumaliza kukaanga beseni moja bila kuacha mafuta motoni. Tukaona anaweza kungoja dakika 45, tukaanzia hapo. Wiki ya kwanza dakika hizo 45, wiki iliyofuata saa nzima, akiongeza robo saa kila wiki kadiri alivyoweza. Mafunzo haya hayapungui wiki sita. Yeye yalimchukua karibu miezi mitatu kufika kungoja kwa saa mbili na nusu, na sasa anakaanga mpaka mwisho.

Haraka ikikupiga, usikimbie. Simama au kaa papo hapo. Bana harakaharaka mara tano au sita, ambazo zinakiambia kibofu kilegee. Pumua. Hesabu kurudi nyuma kutoka hamsini, au taja majina ya watoto wa ukoo mzima. Haraka ni kama wimbi, inapanda, inafika juu, inashuka. Ikishashuka ndipo utembee kwenda chooni, taratibu. Mtihani mkubwa ni mlangoni, ufunguo ukishaingia kwenye kitasa. Bana kabla hujautoa ufunguo mkobani.

Wengine wanaacha kunywa maji. Usifanye hivyo. Mkojo mzito wenye rangi ya chai unakera kibofu na kukizidishia haraka, na choo kikiwa kigumu unasukuma, ukisukuma unalegeza kamba zile zile unazozikaza. Lita moja na nusu mpaka mbili kwa siku zinatosha wengi wetu, zaidi ukiwa juani au unanyonyesha. Cha kupunguza ni chai ya rangi, kahawa na soda za kola, hasa jioni. Kama unameza dawa za presha zinazokamua maji, usiziache, muulize daktari saa ya kuzimeza. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kikapimwe kifua kikuu. Na kwa mwenye mwili mkubwa, hata kilo chache zikipungua zinaonekana.

Kuna jambo la udhu, kwa sababu huku kwetu ndilo linaloumiza zaidi ya harufu. Mama mmoja wa makamo aliacha tarawehe msikitini kwa kuogopa zulia. Wakati mazoezi yanafanya kazi yake, vaa kitambaa safi au pedi, ubadilishe, utawadhe wakati wa swala ukiingia, na umuulize shehe au ustadhati unayemwamini juu ya ruhusa aliyonayo mwenye udhuru wa mkojo. Usijifungie ndani.

Umri usikuzuie. Mama yangu mzazi alianza akiwa na miaka 68, kwa kioo na kidole kama wengine. Tone la kikohozi bado lipo siku za mafua, lakini pedi nne kwa siku zimekuwa moja, na amerudi kwenye harusi. Ukishapata nafuu usiache kabisa, fanya angalau mara moja kwa siku.

Kwa aliyejifungua juzi: ukishatolewa mpira wa mkojo na ukiweza kukojoa mwenyewe, anza polepole, hata kama una nyuzi, mradi hapaumi. Aliyejifungua kwa upasuaji naye aanze, kwani mimba ya miezi tisa imemlegeza pia.

Miezi mitatu ikipita umefanya kwa haki na hakuna tofauti, nenda hospitali yenye fiziotherapia au daktari wa wanawake. Ukifika dirishani usiseme "tumbo linanisumbua", utaandikiwa dawa za minyoo. Sema: "Mkojo unanitoka nikikohoa," au "unaniwahi kabla ya choo," sema tangu lini, na mara ngapi kwa siku. Beba lile daftari. Na akikujibu nesi aliyeshika kitasa cha mlango kwamba ukafanye mazoezi ya kubana, muombe arudi ndani, avae glovu, akupime kama unabana.